Mpambaji, Kazi na Kamera: Maisha Halisi ya Televisheni Yakitazamwa kutoka Kaptembwo

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili neno uhalisi limezoeleka kiasi cha kuchosha. Riwaya husifiwa kwa kuwa na uhalisi, mhusika hulaumiwa kwa kuukosa, na mwanafunzi wa chuo hujifunza mapema kwamba kazi ya sanaa ikishaitwa halisi imekwisha kupewa cheo. Hata hivyo, neno hilo halijajaribiwa vya kutosha juu ya sanaa moja iliyojitwalia jina hilo bila kumwomba mhakiki yeyote ruhusa, nayo ni mifululizo ya televisheni inayodai kuonyesha maisha halisi ya watu halisi. Aghalabu wahakiki wameipuuza kwa kuiona kuwa ni mchezo wa wenye fedha. Kuipuuza si hekima. Sanaa inayofika katika nyumba ambazo riwaya haifiki inastahili kuulizwa maswali yale yale yanayoulizwa riwaya: inasema nini juu ya kazi, kazi ya nani inaonyeshwa, na kazi ya nani inafichwa.

Makala haya yanashughulikia tawi moja dogo la sanaa hiyo, yaani mfululizo unaomfuata mtu ambaye riziki yake ni kuwavisha watu mashuhuri. Mfano mkuu ni The Rachel Zoe Project, uliotangazwa na kituo cha Bravo cha Marekani kuanzia Septemba 2008 hadi 2013, kwa misimu 5. Kando yake unawekwa Young, Famous & African, uliotolewa na Netflix kuanzia Machi 2022, ambamo mna Mtanzania mmoja, Mganda mmoja, na Mnigeria mmoja ambaye kazi yake ni hiyo hiyo ya kuvisha watu. Mifululizo ya Nairobi itaguswa pia, lakini kwa ufupi.

Yote hiyo inatazamwa hapa kutoka Kaptembwo, na sababu ya uteuzi huo haina budi kuelezwa. Kaptembwo ni mtaa wa magharibi mwa Nakuru, mtaa wa ploti, ambamo familia nyingi hupanga vyumba katika ua mmoja na kutumia bomba na choo cha pamoja. Nakuru ilitawazwa kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021. Mtaa huu ukaamka siku ya pili yake na vibarua vile vile, viwanda vile vile, mijengo ile ile na uchuuzi ule ule. Katika uchuuzi huo nguo zina nafasi kubwa. Kuna wanaouza mitumba, kuna mafundi wa cherehani wanaoirekebisha, kuna wanaofua na kupiga pasi kwa ujira. Mtazamaji wa Kaptembwo, kama anavyochukuliwa katika makala haya, si mtu mmoja aliyehojiwa, bali ni macho ya watu wanaoishi kwa nguo. Wahakiki wamezoea kumdhania mtazamaji maskini kuwa ni mtu wa kudanganyika kwa urahisi, anayekodolea macho dhahabu ya wengine. Dhana hiyo ni ya kivivu. Kuhusu nguo, mtazamaji huyu ni mtaalamu. Anajua kitambaa kwa vidole na anajua mshono uliofumuliwa ukarudiwa. Mtaalamu hatazami kama mgeni.

Tatizo la kwanza ni jina la kazi yenyewe. Nairobi watu husema stailisti, na hakuna haja ya kuwacheka. Lakini Kiswahili kina maneno mawili yanayoukaribia ufundi huo bila kuufikia. Mbunifu wa mavazi ni yule anayechora na kutengeneza nguo ambayo haikuwapo. Mwanamitindo ni yule anayeivaa jukwaani ili wengine waione. Mtu anayezungumziwa hapa hafanyi moja wala jingine. Yeye huchagua, huazima, hulinganisha, hurekebisha, humvisha mtu mwingine, kisha hujitenga kando ili asionekane katika picha. Watu wa pwani wana neno la kazi hiyo, na ni la zamani: mpambaji. Mpambaji ndiye anayemwandaa bibi harusi, akamvisha, akamtia manukato na asumini, akamtoa mbele ya wanawake siku ya kupamba. Siku hiyo macho ya wageni huwa kwa bibi harusi, lakini kina mama waliokwisha kuona harusi nyingi humhukumu mpambaji. Kujipamba kwenyewe hakukuhesabiwa kuwa ni upuuzi: Mwana Kupona, alipomuusia bintiye katika utendi wake wa mwaka 1858, alikuweka miongoni mwa wajibu. Ni kweli kwamba siku hizi neno mpambaji hutumiwa zaidi kwa wanaopamba kumbi na magari ya harusi. Hilo si pingamizi kubwa, na katika makala haya stailisti ataitwa mpambaji.

Rachel Zoe, basi, ni mpambaji. Alizaliwa New York, akajijengea jina Los Angeles kwa kuwavisha waigizaji kama Anne Hathaway na Cameron Diaz, na mfululizo uliomfuata ulijengwa juu ya kalenda ya kazi yake. Ukifika msimu wa tuzo, Golden Globe kwanza na Oscar baadaye, nyumba na ofisi hujaa masanduku. Ukifika wakati wa maonyesho ya mitindo ya New York na Paris, safari huanza. Mumewe, Rodger Berman, aliyetoka katika kazi za benki, anaisimamia biashara na wakati huo huo anaomba mtoto. Mtoto huyo alizaliwa Machi 2011, na mfululizo ukaifanya mimba yake kuwa sehemu ya hadithi. Hiyo ndiyo njama yote kwa ufupi, na si njama ya kumshangaza mtu yeyote.

Ubora wa mfululizo huu hauko katika njama. Uko katika zile dakika ambazo watengenezaji wenyewe yamkini walizihesabu kuwa za kupitisha wakati. Magauni yametundikwa safu kwa safu. Viatu vimepangwa sakafuni kama wanafunzi kwenye paredi. Zoe anapita akivuta gauni moja, analiinua penye mwanga, analirudisha, analivuta jingine. Hasemi kwa nini. Wakati mwingine hawezi kusema, kwa maana ujuzi wa aina hii hukaa machoni na mikononi kabla ya kufika ulimini. Kisha mwigizaji anavaa, fundi anainama na pini zake, pindo linapanda kidogo, kiuno kinabanwa, na gauni lililokuwa zuri juu ya kiango linakuwa zuri juu ya mtu. Hapo ndipo mfululizo unapofika karibu zaidi na jina unalojiita. Ni nadra sana kwa televisheni kuonyesha mtu akichagua kwa dakika nzima bila mtu mwingine kulia au kupiga kelele, na mtazamaji aliyewahi kusimama mbele ya lundo la nguo huku akijua kwamba hela alizonazo ni za vipande vitano tu ataitambua kazi hiyo mara moja.

Ikumbukwe pia kwamba karibu nguo zote hizo ni za kuazimwa. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Biashara nzima ya zulia jekundu imesimama juu ya kuikanusha methali hiyo. Nyumba ya mitindo humwazima mwigizaji gauni kwa ajili ya picha, mwigizaji hulivaa usiku mmoja, asubuhi linarudi. Wala nyumba hiyo haitarajii kuishi kwa kuuza magauni kama lile. Faida yake kubwa hutoka katika manukato, mikoba na vipodozi vinavyonunuliwa na maelfu ya watu walioiona picha. Katikati ya mwenye kuazima na mwenye kuazimwa amesimama mpambaji, na mtaji wake ni kuaminiwa. Gauni likichanika, likimwagikiwa divai, likichelewa kurudi, jina linaloharibika ni lake. Hofu anayoionyesha Zoe sanduku linapokawia njiani huchekesha watu wengi, nayo imehaririwa ili ichekeshe. Lakini ukiitazama vizuri hiyo si hofu ya mwanamke aliyedekezwa na urembo. Ni hofu ya mtu aliyechukua mali ya wengine kwa dhamana ya jina lake. Mchuuzi aliyechukua robota kwa mkopo anaijua hofu hiyo, ijapokuwa hajawahi kusikia habari za Oscar. Methali, basi, haikukanushwa kabisa. Aibu iliyotajwa ndani yake imehamishwa tu kutoka kwa mvaaji ikawekwa juu ya mpambaji.

Kwa bahati mbaya mfululizo hauiamini nguvu ya mambo haya, na hapo ndipo lawama inapoanza. Katika misimu ya mwanzo Zoe ana wasaidizi wawili wakuu, Taylor Jacobson aliyemtangulia mwenzake kazini, na Brad Goreski aliyeingia baadaye, kijana wa tai ya kipepeo na furaha nyingi. Taylor anaonyeshwa kuwa mkali, mwenye kununa, mwenye kusema ukweli mchungu; Brad mchangamfu, mwenye kupendeka. Mtazamaji anaalikwa kuchagua upande kwa kupima tabia zao. Hebu ondoa tabia hizo kwa muda, na maswali yanayobaki ni haya: nani ataambatana na bibi safarini na nani atabaki kuhesabu masanduku, nani atapewa sifa gauni likipigiwa makofi, aliyefanya kazi muda mrefu ana haki gani mbele ya aliyependwa zaidi. Haya ni maswali ya kazi na ujira. Yangeweza kuulizwa katika kiwanda chochote. Mfululizo unayachukua maswali hayo, unayavisha nguo za ununaji na uchangamfu, kisha unayatoa mbele ya wageni yakiwa hayatambulikani. Kabla ya msimu wa tatu wa mwaka 2010 Taylor alikuwa amekwisha kuondoka. Baadaye Brad naye aliondoka, akapata mfululizo wake mwenyewe kwenye kituo kile kile mwaka 2012, na kuondoka kwake kukasimuliwa kama jeraha la moyo wa bibi yake wa zamani. Kwamba msaidizi mwenye ujuzi hujitegemea siku moja ni kanuni ya ufundi wowote, na hakuna fundi wa cherehani Nakuru ambaye hakumwona mwanafunzi wake akifungua kibanda ng'ambo ya barabara. Katika mikono ya Bravo kanuni hiyo ikawa usaliti.

Na fundi yule mwenye pini? Huonekana kwa nadra, mara nyingi bila jina, akiwa amepiga magoti.

Kuna jambo la lugha ambalo halistahili kurukwa. Zoe akilipenda gauni husema kwamba anakufa. Msemo huo ulimpa umaarufu kiasi cha kuigizwa na watu wasiojua kazi yake. Vijana wa Afrika Mashariki nao wana kifo katika sifa ya nguo, lakini wamekiweka mahali pengine: aliyependeza huambiwa ameua. Tofauti hiyo si ndogo. Katika msemo wa Zoe nguvu iko kwa anayetazama, na vazi ni sababu tu ya yeye kuhisi; katika msemo wa vijana nguvu iko kwa aliyevaa, naye ndiye mtenda wa kitenzi. Mfululizo mzima umefuata sarufi ya Zoe. Hisia za mtazamaji na za bibi zimefanywa kuwa tendo kuu, na kazi iliyozizalisha hisia hizo imefanywa kuwa kisingizio.

Sababu si tabia ya mtu mmoja bali ni uchumi wa televisheni. Aina hii ya sanaa si mpya: tangu mwaka 1973 televisheni ya umma ya Marekani ilionyesha An American Family, sehemu 12 juu ya familia moja ya California, na hapo tayari watu walibishana kama familia iliishi au iliigiza. Lakini kutoka Novemba 2007 hadi Februari 2008 waandishi wa filamu na televisheni wa Marekani waligoma, hata sherehe ya Golden Globe ya Januari 2008 ikabadilishwa kuwa tangazo la washindi mbele ya waandishi wa habari. Mgomo haukuizaa mifululizo ya maisha halisi, ila ulivikumbusha vituo faida yake. Mfululizo wa namna hii hauna mwandishi wa kulipwa kwa kila mazungumzo. Wahusika wenyewe ndio wanaotunga, kwa hasira zao na machozi yao, na mhariri hupanga. Msaidizi anayelalamika mbele ya kamera anafanya kazi mbili kwa wakati mmoja, moja ya nguo na nyingine ya tamthilia, na hiyo ya pili haitajwi kuwa kazi. Mhakiki anayeuliza kama machozi yale ni ya kweli au ya kuigiza ameuliza swali la pili kabla ya la kwanza. La kwanza ni nani anayenufaika nayo.

Pamoja na kasoro hizo, The Rachel Zoe Project ilibaki na kazi ndani yake. Kasoro ya Young, Famous & African ni kubwa zaidi kwa sababu kazi imetoweka. Mfululizo huu unakusanya Johannesburg watu maarufu kutoka nchi mbalimbali: Diamond Platnumz wa Tanzania, Zari Hassan wa Uganda aliyezaa naye watoto wawili, Khanyi Mbau na Andile Ncube wa Afrika Kusini, Annie Idibia na mumewe wa wakati huo 2Baba wa Nigeria, pamoja na wengine. Miongoni mwao yumo Swanky Jerry, jina lake Jeremiah Ogbodo, mpambaji wa watu mashuhuri wa Nigeria. Kwa sababu yake mtu angetarajia kuona angalau siku moja ya kazi: gauni lililokataa kufunga zipu, fundi aliyeamshwa usiku, mteja asiyejua anachotaka. Swanky Jerry anatambulishwa kwa kazi yake, kisha anaonekana katika karamu, katika chakula cha jioni, katika ugomvi wa wengine akiwa msuluhishi au mchochezi. Tukio la kumvisha mtu likitokea, halidumu. Huvaa kuliko anavyovisha. Mavazi yake ni ya fahari na ya ujasiri, na hapana shaka nyuma yake kuna kazi kubwa, lakini kazi hiyo inaachwa nje ya mlango kama viatu.

Watetezi wa mfululizo huu wana hoja nzito. Kwa miaka mingi televisheni za Ulaya na Marekani zilimwonyesha Mwafrika akiwa na njaa, akikimbia vita au akisubiri msaada. Sasa anaonekana akiwa na nyumba, gari, mapenzi na majivuno, bila kumshukuru mfadhili. Hoja hiyo haiwezi kutupwa kwa dharau. Kijana wa Kaptembwo anayo haki ya kuchoshwa na picha ya mtoto mwenye nzi usoni, na ana haki ya kufurahia vazi la Swanky Jerry bila kuhubiriwa. Lakini ipimwe picha mpya kwa mizani ile ile iliyoipima ya zamani. Ubaya wa picha ya njaa haukuwa kwamba njaa haikuwapo, bali kwamba ilionyeshwa bila sababu zake, kana kwamba ilianguka kutoka mbinguni. Utajiri wa Young, Famous & African nao umeanguka kutoka mbinguni. Umaskini usio na historia umejibiwa kwa utajiri usio na historia, na aliyeketi katika chumba cha kupanga, ambaye kila shilingi yake ina historia, hakupewa njia ya kutoka upande mmoja kwenda wa pili.

Hasara hiyo inaonekana wazi zaidi kwa Diamond. Naseeb Abdul Juma alikulia Tandale, Dar es Salaam, na inajulikana kwamba kabla ya umaarufu aliwahi kuuza nguo ili kupata fedha za kuingia studio. Katika mfululizo uliojaa mavazi kuliko kitu kingine chochote, yupo mtu aliyeanza kwa kuuza mavazi, na uzi huo haukufumwa ukawa kitambaa. Wanaodhani kwamba maisha ya msanii mashuhuri hayawezi kusimuliwa kwa kazi yake wakumbuke kwamba Shaaban Robert alikwisha kufanya hivyo katika wasifu wa Siti binti Saad. Kitabu hicho ni cha kusifu, wala hakijifanyi kuwa hakisifu. Hata hivyo Siti wa Shaaban Robert ameuza vyungu kabla ya kuimba, na safari ya Bombay ya mwaka 1928, ya kurekodi nyimbo katika santuri, ni safari ya kazi. Sifa haikuizuia kazi kuonekana. Sifa ilitokana nayo.

Mifululizo ya Nairobi imesimama katikati. Katika Kyallo Kulture, uliotolewa na Showmax mwaka 2022, mtangazaji Betty Kyallo na dada zake Mercy na Gloria wanaonekana pamoja na biashara zao, za urembo na za mikoba ya ngozi, na biashara ni kazi. Hilo ni jambo la kusifiwa. Anayemiliki anaonekana akihangaika. Anayekata ngozi na anayesuka nywele wanapita nyuma yake. The Real Housewives of Nairobi wa mwaka 2023 haudai mengi kuliko jina lake, kwa hiyo hauna haja ya kusumbuliwa hapa. La kutajwa ni lugha. Kiingereza kimetawala katika mifululizo hiyo, na Kiswahili huingia pale mtu anapokasirika, anapocheka au anapozungumza na aliye chini yake. Vitimbi na Vioja Mahakamani, vichekesho vya televisheni ya taifa, vilichezwa kwa Kiswahili, na wahusika wake walikuwa mawakala, watumishi, wachuuzi na washtakiwa wadogo wadogo. Havikudai kuwa halisi. Vilikuwa na wafanyakazi ndani yake, na wafanyakazi hao walisema lugha yao wenyewe katikati ya tukio, si pembeni.

Lugha hiyo ya kazi ipo, nayo ni tajiri kuliko inavyodhaniwa. Wachuuzi wa mitumba wa Kenya, kuanzia Gikomba hadi Nakuru, robota likifunguliwa huzigawa nguo kwa majina. Zile bora kabisa, ambazo karibu ni mpya, huitwa kamera. Za mwisho, zilizobaki baada ya wateja wote kupita, huitwa fagia. Kati ya majina hayo mawili yamo maarifa yote ambayo Zoe anayatumia mbele ya safu zake za magauni: kujua kwa sekunde moja kitambaa, umri, mshono, mtindo unaorudi na mtindo uliokwisha, na mteja gani anakuja saa ngapi. Mchuuzi wa mitumba naye ni mpambaji. Anamjua mwalimu anayetaka koti la heshima lisilong'aa, anamjua kijana wa mahubiri ya Jumapili, anamwekea mteja wake kipande chini ya meza na kumpigia simu. Akiona urefu umezidi humpeleka kwa fundi jirani, akapunguza, akabana, akabadilisha zipu. Tofauti yake na Zoe ni kwamba yeye hakuazima. Amenunua robota likiwa limefungwa, bila kuona kilichomo, na likitoka bovu hakuna nyumba ya Paris ya kurudishiwa.

Nguo hizo zina historia iliyoandikwa. Rivatex, kiwanda cha nguo kilichoanzishwa Eldoret mwaka 1976, kiliangukia mikononi mwa wafilisi mwishoni mwa miaka ya 1990, baada ya soko kufunguliwa na mitumba kumiminika. Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua mwaka 2007. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuipunguza mitumba mpaka iondoke. Marekani ikatishia kuziondolea nchi hizo nafuu ya ushuru, Kenya ikarudi nyuma, na Rwanda iliyokataa kurudi ikasimamishiwa nafuu hiyo ya mavazi mwaka 2018. Machi 2020 Kenya yenyewe ilizuia mitumba kwa sababu ya Korona, na miezi michache baadaye, Agosti, ikairuhusu tena. Mchuuzi wa Kaptembwo aliyapitia hayo yote katika bei ya robota. Drama ipo, basi. Ina wahusika, ina serikali, ina deni, ina ushindani wa wasaidizi na mabwana zao, na ina urembo wa kweli, kwa maana hakuna anayevaa mitumba Jumapili ili aonekane amevaa mitumba.

Mtengenezaji wa filamu atakayetaka kuionyesha kazi hiyo hatahitaji kumleta mtu mashuhuri, ingawa hakatazwi. Atahitaji kufika kabla kamba za robota hazijakatwa, maana wanunuzi wa kamera hufika mapema na huondoka upesi, na anayechelewa hukuta wamekwisha kuchagua. Tena atahitaji kubaki baada yao. Saa za mchana, lundo likiwa limeshuka hadi fagia, ndipo mwanamke mmoja huinama na kutoa katikati ya matambara blauzi moja ya hariri iliyopungukiwa vifungo viwili, akaikung'uta, akaitazama dhidi ya jua, akaiweka kando na kuendelea kutafuta vifungo.